Mwenendo Wetu Katika Jamii za Programu Huria

Walimu, wanafunzi, na ninyi ndugu zangu mliosafiri ili kufika hapa, ahsanteni. Mmeniomba nizungumzie mwenendo wa wachangiaji katika jamii za programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake, yale maagizo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Naona vijana wengi wangependa tufungue kompyuta tuandike msimbo. Hilo lina siku yake. Leo nina jambo moja tu: namna tunavyosemezana ndiyo inayoamua nani atabaki kuzitunza programu tunazozitegemea, na nani atashika nafasi yake akichoka.

Nianze na kisa cha xz, na nitakaa nacho kidogo.

Xz ni programu ya kubana mafaili. Wengi wenu hamjawahi kuiita kwa jina, lakini imo katika karibu kila mfumo wa Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na kwa hiyo imo katika seva zisizohesabika duniani, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja huko Finland, bila mshahara, kwa muda wake wa ziada. Mwaka 2022 ujumbe wa kumsukuma ukaanza kumiminika. Akaunti ambazo hazikuwahi kuchangia chochote zililalamika kwamba viraka, yaani marekebisho ya msimbo yanayoletwa na wachangiaji, vinakaa mno bila kupokelewa, kwamba kazi imedorora, kwamba ni heri apewe mtu mwingine. Yule bwana alijibu kwa upole. Alieleza hadharani kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili kwa muda mrefu, akakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Mmoja wao akamjibu kwa maneno yenye maana hii: pole kwa ugonjwa, lakini jamii inataka zaidi ya hapo.

Pembeni alikuwapo mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Mchapakazi, mwenye adabu, analeta viraka safi. Taratibu akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake imefichwa njia ya siri ya kuingilia seva kupitia SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayechangia pia hifadhidata ya PostgreSQL, akatangaza alichokigundua. Alikuwa ameona kuwa kuingia kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, akachimba mpaka akafika kwenye mzizi. Matoleo yale yalikuwa yameshafika katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, mifumo miwili iliyojengwa juu ya Linux, ila hayakuwa yameingia katika toleo imara la Debian. Tuliponea chupuchupu.

Wengi waliochunguza kisa hiki wanaamini kwamba zile akaunti za malalamiko na yule mchapakazi walikuwa kundi moja. Swali ninalowaomba mlitafakari ni hili: kwa nini hila ile haikumshtua mtu? Kwa sababu ilifanana na mambo tunayoyaona kila wiki. Kumfokea mtunzaji wa programu, kumdai kama vile umemwajiri, kumhesabia siku alizochelewa, haya tumeyazoea mno hata adui akiyatumia hatumwoni. Laiti ingekuwa desturi yetu kwamba mtu akianza kumfokea mtunzaji, mwingine anasimama na kusema, "Ndugu, huyu anajitolea, kama una haraka, njoo tusaidiane kukagua viraka," sauti zile zingejitokeza mara moja kuwa si za kawaida. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza katika mwenendo wa mchangiaji, na silioni likipewa uzito unaostahili. Kanuni nyingi za mwenendo ambazo miradi hujiwekea zinakuambia usimtukane mwenzako. Naomba tuongeze: ukimwona mwenzako anatukanwa, usinyamaze ukidhani si kazi yako.

Kuhusu kanuni zenyewe, historia si ndefu. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ilikuwa nazo tangu miaka yake ya mwanzo, na wanajamii wake huziwekea saini. Debian, iliyoanza mwaka 1993, ilizipitisha kwa kura mwaka 2014. Mwaka huohuo Coraline Ada Ehmke aliandika Contributor Covenant, kielelezo cha kanuni za mwenendo ambacho miradi mingi sana imekichukua. Kisha Septemba 2018 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991 na kujulikana kwa ukali wa maneno, aliomba radhi kwa kuwashambulia watu, akapumzika kwa muda, na kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani inayoongoza mashine, kikapata kanuni za mwenendo zilizotokana na Contributor Covenant. Walikuwapo waliotabiri kwamba upole utaleta msimbo mbovu. Torvalds alirudi Oktoba, matoleo yameendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na viraka vibovu vingali vinakataliwa.

Ukali una hasara inayopimika. Utafiti uliofanywa mwaka 2017 na GitHub, tovuti ambako miradi mingi huweka msimbo wake, uliohoji watu wapatao 5,500, ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa wameshuhudia mtu akitendewa vibaya katika miradi hii. Kati ya walioshuhudia au kutendewa, asilimia 21 waliacha kuchangia mradi kwa sababu hiyo. Mmoja katika kila watano! Na anayeondoka mara nyingi hasemi kitu, anafunga kompyuta yake tu.

Sasa nije kwetu, maana tunaingia katika jamii hizi tukiwa na malezi yetu, na baadhi ya mambo inabidi tuyafikirie.

Tumelelewa kwamba mazungumzo huanza kwa salamu. Unapiga hodi, unasubiri kukaribishwa, unauliza habari za nyumbani, ndipo unataja shida. Katika jamii hizi anayekusoma huenda yuko bara jingine, usingizini, na ataona ujumbe wako baada ya muda wa saa nane kupita. Ukiandika "Habari?" ukasubiri ujibiwe, yeye haoni pa kushika. Msalimie, kisha hapohapo eleza: unatumia toleo gani, mfumo gani, ulifanya nini, ulitarajia nini, ukapata nini. Tafuta kwanza kama hitilafu hiyo imeshaelezwa na mwingine. Hiyo ndiyo heshima yake, kwamba hutamfanya arudi mara tatu kukuuliza.

Tumelelewa pia kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakiona kosa katika msimbo wa profesa wao na kukaa kimya. Katika ukaguzi wa msimbo ukimya huo ni madhara, kwa sababu kosa litamfikia mtumiaji. Unaweza kuandika, "Shikamoo Mwalimu. Naona mstari wa 40 utakwama ikiwa faili ni tupu. Naomba tuongeze jaribio." Adabu iko palepale, na hitilafu imetajwa kwa jina. Nanyi wakubwa mliomo humu, mkipokea ujumbe kama huo, shukuruni hadharani, ili mwingine apate ujasiri. Ukali wote uelekee kwenye mstari ulioandikwa. "Umejifunzia wapi wewe?" haijawahi kurekebisha hitilafu hata moja.

Kwa wageni, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mradi wenye adabu humtengea mgeni kazi ndogo iliyoelezwa vizuri, na humwambia ni nani wa kumuuliza. Naye mgeni alime kweli. Oktoba 2020 yalitokea ya aibu: kampeni moja iliahidi fulana kwa kila atakayetuma mabadiliko kadhaa katika programu huria, na watunzaji wakafurikiwa na mabadiliko ya kubadilisha neno moja lisilo na haja, ili mtu apate fulana. Waandaaji walilazimika kubadili sharti mwezi ukiwa ndio kwanza umeanza, ihesabiwe miradi iliyokubali kushiriki tu. Vijana, kwenye wasifu wa kuombea kazi kiraka kimoja kilichotatua shida ya mtu kinatosha. Na siku hizi, kabla hujatuma kitu kilichoandikwa na mashine, kisome, kijaribu, uweze kukitetea mwenyewe. Kama huwezi, unampa mtunzaji kazi ambayo ulipaswa kuifanya wewe.

Wafasiri nao wasisahaulike. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na tangu hapo watu wa Dar, Nairobi, Mombasa na Bukavu wamekuwa wakikutana katika kazi za namna hiyo, kila mmoja na Kiswahili chake. Ukikuta istilahi usiyoizoea, usiifute usiku ukaweka yako. Muulize aliyeiweka, mkubaliane, kisha muiandike katika faharasa ya pamoja ili asije wa tatu akaanza upya.

Kanuni zisizo na watu wa kuzisimamia ni karatasi. Kabla hujajiunga na mradi, angalia kama zimetajwa anwani na watu wa kupelekewa malalamiko, na kama wapo zaidi ya mmoja, maana mlalamikiwa anaweza kuwa mmoja wao. Anayepokea malalamiko atunze siri, asikilize pande zote mbili, ajibu kwa muda alioahidi. Dada anayenyanyaswa kwa ujumbe wa faragha asilazimishwe kueleza mbele ya wanaume mia ili aaminiwe. Hapa sina maneno laini: mradi usioweza kumlinda haustahili kazi yake, hata kama msimbo wake ni bora kuliko yote.

La mwisho ni kuaga, ambalo Ubuntu waliliweka katika kanuni zao na mimi nawasifu kwa hilo. Mtu atapata mtoto, atapata kazi, atachoka. Aseme mapema, aandike nini kimebaki nusu, akabidhi funguo na nywila kwa waliokubaliwa na wenzake, si kwa yeyote aliyepiga kelele zaidi. Asiyetaka kutoa sababu asilazimishwe kuitoa. Mshukuruni kwa jina katika taarifa ya toleo linalofuata, kisha gawaneni kazi zake wiki hiyohiyo, kabla viraka havijaanza kurundikana kwa mtu mmoja.