Ulezi wa nyumbani na pampu iliyolika kabla ya wakati

ELIA: Karibuni tena. Jumamosi nimekesha garajini, kwa hiyo mtanivumilia sauti. Shemeji Salome tayari yuko mezani, na mkononi kashika...

SALOME: Impela, kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji ndani ya pampu. Ni ya ile pampu Elia aliyoisifia hapa mwezi wa tatu. Imepikiwa pombe mara 11 tu, jamani.

ELIA: Mara 11. Nilikuwa nimezima moto, nasukuma maji ya kimea kwenda kwenye koili ya kupoozea. Ghafla ikaanza kunguruma kama changarawe kwenye debe. Mkondo ukapungua mpaka ukawa uzi. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikafungua skrubu nne. Washa ya mbele, ile pete ya kauri, imepasuka vipande viwili, na tundu la impela limepanuka, impela inayumba kwenye shafti, ule mhimili wa katikati.

SALOME: Inayumba sana. Kwa wageni: pampu hii haina sili ya kuzungukia shafti na kuzuia maji yasivuje. Mota inazungusha sumaku ya nje, sumaku iliyo ndani ya impela inaifuata, na impela inazunguka juu ya shafti iliyotulia. Hakuna grisi. Kinacholainisha na kupoza ni kile kile unachosukuma. Ndiyo maana nikiona imelika mapema, cha kwanza nauliza ulipitisha nini.

ELIA: Mara 9 shayiri. Mara 2 mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi.

SALOME: Mbege!

ELIA: Iliyochujwa. Uji wa ulezi haukupita mzima mzima, nilichuja kwa kitambaa kwanza.

SALOME: Ulezi wenyewe uliutoa wapi?

ELIA: Mara ya kwanza duka la Wahindi hapa Aurora, jirani na Denver, wao wanauita ragi. Mara ya pili mama mkubwa alikuja nao kutoka Marangu, kilo 4 kwenye sanduku, kaufunga kwenye kitenge.

SALOME: Uliuosha vipi?

ELIA: Kwenye bomba, ndani ya chujio.

SALOME: Chujio! Shemeji, ulezi hauoshwi hivyo. Punje ni ndogo, mchanga unalingana nazo, utabaki nazo humo humo. Kwetu Mwanza mama alikuwa na mabakuli mawili. Unajaza maji, unayumbisha, ulezi unanyanyuka, unaumimina taratibu na maji yake kwenye bakuli la pili. Mchanga mzito unabaki chini. Unarudia mpaka ukipapasa chini kwa kidole husikii kitu.

ELIA: Bibi alifanya hivyo hivyo pembeni ya mfongo, ule mfereji wa Kichagga. Maji ya mlimani, baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Sisi wajukuu kazi yetu kushika bakuli la pili. Kisha unauloweka, unaufunika kwenye majani ya mgomba mpaka uote, unauanika, unausaga. Hapo ndizi mbivu zimeshachemshwa na kuachwa siku kadhaa. Msesewa, lile gome chungu la mti, umeshapondwa.

SALOME: Msesewa kiasi gani? Maana ile uliyonionjesha ilikuwa chungu.

ELIA: Uchungu ule ndio wenyewe! Mbege bila msesewa ni maji ya ndizi. Hapa sina gome, nilitumia hopsi kidogo, yale maua ya kutia bia uchungu, na bado sijaupata ule uchungu wa nyuma ya ulimi. Nimejaribu kubadilisha ndizi pia. Za dukani hapa zinaivia kwenye boksi, sukari ipo, harufu haipo.

SALOME: Uliziacha ziwe nyeusi?

ELIA: Nyeusi kabisa. Afadhali kidogo. Na bibi alichemsha mpaka zikawa nyekundu, mimi gesi inanitisha, nilizima baada ya kuchemsha kwa saa tatu.

SALOME: Basi rudisha moto, usibadilishe ndizi. Lakini turudi kwa impela, tumeshapitisha nusu ya kipindi. Ona ndani ya tundu. Mikwaruzo ya duara, ukucha unakwama. Mchanga ni mgumu kuliko stenlesi, sembuse plastiki. Huo ulezi haukuoshwa.

ELIA: Hapana. Ulezi wa mama mkubwa usiusingizie. Mikwaruzo imetoka kwenye vipande vya washa. Kauri nayo ni ngumu. Washa ilipasuka kwanza.

SALOME: Ilipasuka kwa nini? Impela ikishaanza kuyumba inaigonga washa. Tundu lilipanuka kwanza.

ELIA: Pampu ilikosa maji. Na hapa Denver tuko mita 1,600 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Mvuke unaingia kwenye impela, tundu linazunguka kavu, linalika.

SALOME: Kwenye mchemko mwinuko hausaidii wala haudhuru. Hapo nguvu ya mvuke na ya hewa zinalingana, kinachobaki kusukuma maji yaingie ni kimo chake juu ya pampu. Sufuria yako iko sentimita 40 juu yake. Ni hizo 40, uwe Denver au Tanga.

ELIA: Sikuwa kwenye mchemko. Nilikuwa kwenye digrii 90. Hapo Tanga ningekuwa na akiba ya shinikizo, kabla maji hayajageuka mvuke, zaidi ya mara mbili ya hapa.

SALOME: Hilo kweli. Na koki umeibana upande gani?

ELIA: ...Wa kuingilia.

SALOME: Elia! Koki ya kuingilia inaachwa wazi yote, unabana ya kutokea. Nani asiyejua?

ELIA: Sasa si ndiyo ninayosema? Ilikosa maji.

SALOME: Ingekosa maji ningeona plastiki imeng'aa au imeyeyuka, na mapanga ya impela yametobolewa vishimo. Mapanga yako mazima. Tundu ndilo limekwaruzwa.

ELIA: Ilikosa kwa dakika chache chache, haikufika kuyeyuka. Kila mara ikila kidogo.

SALOME: Kwenye mbege. Uliponionjesha ile ya pili nilisikia chembe kwenye meno.

ELIA: Zile ni pumba za ulezi.

SALOME: Pumba hazikwaruzi meno, shemeji.

ELIA: Kilo 4 alizibeba magotini kutoka Moshi mpaka uwanja wa ndege. Siwezi kusema ndizo zilizoua pampu. Sioni ushahidi.

SALOME: Umebaki nao kiasi gani?

ELIA: Nusu kilo.

SALOME: Niletee. Nitauosha kwa mabakuli mawili, na kitakachobaki chini nitakipiga picha.

ELIA: Lete na impela mpya basi, na koki nitaiacha wazi, tuone itafika mara ngapi.

SALOME: Tulikuwa tuseme pia namna ya kukilaza kichwa cha pampu ili hewa itoke, na kusafisha sukari isigande ndani...

ELIA: Chumba kinatakiwa na wenzetu, wamesimama mlangoni. Ndizi nichemshe kwa muda gani, ulisema?

SALOME: Mpaka ziwe nyekundu. Zima hiyo maiki.