Iambi na Silabi ya Kumi na Moja

Habari za jioni. Tusianze kwa kusoma. Tugonge meza kwanza. Hivi: ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA, ti-TA. Silabi hafifu, kisha yenye mkazo. Jozi hiyo moja ndiyo iambi. Zipange tano katika mshororo, umeshapata kipimo alichokitumia Shakespeare katika sehemu kubwa ya tamthilia zake.

Wagiriki wa kale walikuwa nayo zamani, ila wao walipima urefu: silabi fupi, silabi ndefu. Mwanafalsafa wao Aristotle aliona kwamba hakuna kipimo kinachokaribia mazungumzo ya kawaida kama hicho. Kiingereza kikachukua jina, na palipokuwa na urefu kikaweka mkazo.

Sasa sikilizeni Hamlet, mhusika wa Shakespeare: “To be, or not to be, that is the question.” Hesabuni kwa vidole, taratibu. Naona huko nyuma vidole vimeisha! Ni silabi 11, wakati jozi tano ni silabi 10. Ile ya mwisho imezidi, tena hafifu, inaning’inia tu. Na kabla ya hapo, baada ya silabi ya 6, waigizaji wengi hulikaza “that” na kuliachia “is”: mdundo umepinduka, TA-ti. Mshairi wetu mkali wa mizani angeliita guni, yaani shairi lenye kasoro. Mimi nasikia mtu aliyekuwa akitembea vizuri, mara akajikwaa kwenye wazo lake mwenyewe.

Kwa Kiswahili je? Sisi huhesabu mizani, nane kwa nane, wala hatuulizi mkazo umeangukia wapi. Tuulize nini, na karibu kila neno hukaza silabi ya pili kutoka mwisho? Vighairi vipo: kwenye barabára kuna magari, lakini kazi iliyofanywa sawasawa ni barábara. Basi chukua baba, moto, leo: zote TA-ti, iambi iliyogeuzwa kichwa chini. Kwa hiyo niliwahi kuwaambia wanafunzi, kwa kujiamini kabisa, kwamba iambi haiingii katika lugha yetu. Kisha nikajaribu:

Kijana yule mwema kaja leo,
akauliza: mama yuko wapi?

Gongeni tena. Ki-JA-na-YU-le-MWE-ma-KA-ja-LE-o. Siri ni neno la kwanza: lina silabi tatu, likausogeza mdundo wote hatua moja mbele. Mshororo wa pili pigo la kwanza limefifia, mkazo unasubiri hadi “li”, na afadhali. Mapigo yote yakilingana, mishororo minne tu inatosha kukufanya usikie mchi na kinu badala ya shairi.

Lakini hesabuni. Kumi na moja, kama Hamlet! Yeye huacha mkia katika baadhi ya mishororo tu. Sisi tunaacha mkia kila mshororo, maana maneno yetu hayapendi kukomea kwenye mkazo. Nimehangaika nao mkia huo usiku mzima wa jana. Mwenye mshororo wa silabi 10 kamili, unaokomea kwenye TA, anyooshe mkono. Kipaza sauti kinakuja.