Jaji Asiyevaa Joho

SALUM: Karibuni tena kipindini. Leo dada Rehema amekuja na makaratasi yake, na tangu tumeingia studio hatulii. Haya dada, ni nani huyo?

REHEMA: Jane Bolin, kaka Salum. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji nchini Marekani, mwaka 1939. Lakini naomba tusiishie kwenye hilo neno "wa kwanza". Kilichonishika mimi ni alichokifanya baada ya kukalia kile kiti.

SALUM: Jaji au hakimu? Maana kwetu jaji ni wa Mahakama Kuu.

REHEMA: Kwa kazi yake, msikilizaji wa Tanzania angemwita hakimu, maana kesi zilianzia kwake na wahusika walisimama mbele yake. Ila kwao huyo ni jaji, basi tumwite jaji. Mahakama yenyewe ilikuwa ya mambo ya familia, jijini New York. Wake waliopigwa, watoto waliotelekezwa, vijana walioiba, hata walioua.

SALUM: Alitokea wapi?

REHEMA: Poughkeepsie, mji ulio kando ya mto Hudson. Alizaliwa 1908. Baba yake, Gaius Bolin, alikuwa wakili, na mama alifariki Jane akiwa na miaka 8. Akakua akishinda ofisini kwa baba, katikati ya vitabu vya sheria. Jarida la NAACP, chama cha Marekani kilichopigania haki za watu weusi, likifika nyumbani, aliona picha za watu weusi walionyongwa na magenge. Zile picha hazikumtoka. Na baba mwenyewe hakutaka binti yake awe wakili! Alitaka awe mwalimu, asije akasikia machafu ya watu.

SALUM: Namwelewa baba.

REHEMA: Namwelewa pia. Ila mshauri wa chuo chake, Wellesley, simwelewi. Alimwambia sheria haina nafasi kwa mwanamke mweusi, na huyu binti alikuwa miongoni mwa wanafunzi 20 bora wa mwaka wake, 1928. Nikisoma hapo damu inanichemka. Akaenda Chuo Kikuu cha Yale, na 1931 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu sheria pale.

SALUM: Tusimulie siku ya kiapo.

REHEMA: Wakati huo alikuwa wakili wa jiji. Julai 22, 1939, meya Fiorello La Guardia akamwita kwenye Maonyesho ya Dunia, eneo la Queens humo humo New York, bila kumwambia sababu. Akaenda roho mkononi, akidhani anakwenda kukaripiwa. Kumbe anaapishwa. Alikuwa na miaka 31.

SALUM: Na lile joho jeusi la jaji, alilivaa?

REHEMA: Hakulivaa mbele ya watoto, wasije wakamwogopa. Hebu fikiria mtoto aliyetolewa kwao usiku, kesho yake anasimamishwa mbele ya mtu mzima aliyejifunika nguo nyeusi. Atasema nini? Jane aliliona hilo.

SALUM: Hapo umenigusa.

REHEMA: Ngoja, kuna zaidi. Pale mahakamani maofisa wa probesheni, yaani wanaofuatilia mwenendo wa waliofikishwa mahakamani, walikuwa wakipangiwa watu kwa rangi: ofisa mweusi kwa familia nyeusi. Akalivunja hilo. Kisha mashirika binafsi ya kulea watoto. Yalikuwa yanapokea fedha za umma, lakini mtoto yakimkataa kwa rangi yake. Yeye na jaji mwenzake Justine Wise Polier walipambana mpaka yakalazimika kupokea watoto bila kujali rangi wala asili yao.

SALUM: Kwa hiyo fedha ya wote, mtoto wa yeyote.

REHEMA: Ndiyo. Na kwa miaka 20 hivi alibaki peke yake, jaji mweusi mwanamke mmoja nchi nzima. Mameya wengine watatu wakamteua tena, kila mmoja kwa wakati wake. Alikaa karibu miaka 40, hadi sheria ilipomtaka astaafu, akiwa na miaka 70.

SALUM: Akaenda kupumzika?

REHEMA: Wapi! Akajitolea kufundisha watoto kusoma, kwenye shule za umma za New York.

SALUM: Basi amekuwa mwalimu, kama baba alivyotaka.

REHEMA: Kaka, hilo sikuwa nimeliona.