Kuutafuta mfereji wa nne kwenye gego la juu

Karibuni. Hapa nina gego la kwanza la juu lililong'olewa, limeshasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kama unasomea udaktari wa meno, chukua la kwako, vaa glavu na miwani, twende pamoja. Msimamo wangu nautanguliza: gego hili lihesabie mifereji minne, yaani njia nyembamba za kiini (nyama laini yenye neva na mishipa ya damu) ndani ya mizizi, mpaka lenyewe likuthibitishie kuwa ni mitatu. Mfereji ulioachwa bila kusafishwa unabaki na bakteria, na mgonjwa anarudi kwenye kiti akilalamikia jino lile lile.

Kwanza lishike mizizi ikiwa juu, kama lilivyokaa kinywani. Mizizi ni mitatu. Miwili iko upande wa shavu, mmoja upande wa kaakaa. Nikisema mbele, namaanisha upande unaoelekea katikati ya safu ya meno. Nyuma ni upande wa gego la mwisho.

Anza na mzizi wa kaakaani. Kwa kawaida ndio mrefu na mnene kuliko wenzake, na mfereji wake ni mpana, rahisi kuupata. Usiudharau lakini. Itazame ncha yake: mara nyingi imepinda kuelekea shavuni. Kwenye picha ya eksirei mpindo huu hauonekani, maana miali inapita kutoka shavuni kwenda kaakaani, yaani kwenye mstari ule ule wa mpindo. Ndiyo sababu faili ya kwanza (kifaa chembamba kama sindano cha kusafishia mfereji) unayoingiza humo unaikunja kidogo nchani.

Mzizi wa shavuni wa nyuma ni mfupi, mwembamba, mara nyingi una mfereji mmoja. Tuuache.

Sasa mzizi wa shavuni wa mbele, na hapa nataka usogee karibu. Uutazame ukitokea shavuni: mwembamba, wa kawaida kabisa. Sasa geuza jino, uutazame ukitokea mbele. Umeona? Ni bapa na mpana, unaenea kutoka shavuni hadi karibu na kaakaa. Eksirei inakuonyesha ule upande mwembamba tu. Ndani ya upana huu ndimo unamokaa mfereji wa pili wa mzizi huu, ambao ndio wa nne wa jino. Tafiti nyingi zimeukuta kwenye zaidi ya nusu ya magego ya kwanza ya juu.

Hatua inayofuata, tufungue taji, ile sehemu ya jino inayoonekana kinywani. Kabla ya kuwasha drili, pima kwenye picha umbali kutoka uso wa kutafunia wa taji mpaka dari ya chemba (uwazi wa kiini ndani ya jino), uuweke alama kwenye kichwa cha drili. Ingilia nusu ya mbele ya taji, na ule mgongo wa mshazari unaokatiza uso wa kutafunia uuache mzima kadiri inavyowezekana. Ukishatoboa, ondoa dari yote. Pembe ya dari iliyobaki huficha tundu zima.

Osha, kausha, halafu tazama sakafu. Krasner na Rankow, katika kazi yao ya mwaka 2004, walikagua chemba za meno 500, na walichokiona kinatusaidia kila siku: sakafu ina rangi nyeusi kidogo kuliko kuta, na matundu ya mifereji yapo pale ukuta unapokutana na sakafu. Kwa hiyo fuata mpaka wa rangi. Tundu la kaakaani utaliona mara moja. La shavuni la mbele liko kwenye kona, chini ya ncha ya taji ya upande huo. La nyuma liko nyuma yake, likisogea kidogo kuelekea kaakaani.

Sasa vuta mstari kwa macho kutoka tundu la shavuni la mbele hadi la kaakaani. Tembea juu yake milimita mbili hadi tatu, kisha sogea mbele kidogo ya mstari. Hapo. Mara nyingi hutaona tundu, utaona kibaraza cheupe cha dentini, ile tishu ngumu iliyo chini ya enameli, kilichotoka ukutani. Kiondoe polepole kwa ncha ya altrasoniki, ile inayotetemeka kwa kasi, ukielekea mbele, mbali na panapogawanyika mizizi, kwani huko dentini ni nyembamba na kutoboa ni rahisi. Papasa kwa kichokoo chenye ncha kali. Kikinasa, weka tone la wino wa bluu wa methilini, suuza, uone rangi imebaki wapi. Kwa mgonjwa, jaza chemba hipokloriti ya sodiamu chini ya hadubini: vipovu vinavyopanda kutoka sehemu moja vinakuonyesha penye mabaki ya kiini.

Ingiza faili namba 8 au 10, mpini ukiwa umelala kuelekea nyuma, kwa kuwa mwanzo wa mfereji huu umeinamia mbele. Ikigoma baada ya milimita moja mbili, usiisukume. Punguza kibaraza tena. Kwa mtu mzima sana kazi ni ndefu zaidi, kwani dentini hujengwa maisha yote na chemba husinyaa.

Gego la pili mizizi yake imebanana, mingine imeungana, na matundu hukaribia kusimama kwenye mstari mmoja. Mfereji wa nne humo hupatikana mara chache zaidi, ila utafute vivyo hivyo. Na kwa yote mawili, osha kwa mkono mwepesi, sindano isikwame mferejini: ncha za mizizi hii ziko jirani na sainasi, yaani uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa taya la juu.

Mwisho piga eksirei faili zikiwa ndani, ukiwa umeusogeza mtambo kidogo pembeni. Faili ya mzizi wa mbele ikikaa katikati kabisa ya mzizi, huenda mfereji ni mmoja. Ikiwa imeegemea upande, rudi kwenye kibaraza uendelee kutafuta.