Msimtume Kijana wa Masjala

Ndugu waajiri, na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi mliojificha kule nyuma, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania mnaijua, sitawasomea. Nina lile lile ninalowapigia kelele kila tukikutana: kwenye usuluhishi mnamtuma nani?

Mlinzi kaachishwa kazi, kapeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nakala mmeipokea. Siku ya kikao anakuja kijana wa masjala, faili kwapani. Msuluhishi anauliza: mko tayari kumlipa notisi na likizo yake? "Ngoja nimpigie bosi." Anatoka. Bosi hapokei. Anarudi. Mlinzi anasema basi, hata mishahara mitatu, yaishe. Kijana anatoka tena. Safari hii bosi kapokea: "Mwambie aende anakotaka!" Kikao kimekufa hapo, na mlinzi alikuwa ameshashuka mwenyewe! Shauri linakwenda kwenye uamuzi, kwa mwamuzi anayesikiliza ushahidi na kuamua nani ana haki, mashahidi wanaapishwa, miezi inapita, halafu mnakuja kunilalamikia mimi kwamba tuzo, yaani kile mwamuzi alichoamuru mlipe, ni kubwa.

Mtasema, tutampeleka wakili. Mpelekeni, sheria haimkatazi. Ila wakili asiye na ruhusa ya kutaja kiasi ni kijana yule yule wa masjala, kavaa tai.

Mwingine anasema, nikitaja kiasi si nimeshakiri kosa? Hujakiri chochote. Ya kwenye usuluhishi ni siri, hayapelekwi kwa mwamuzi kama ushahidi. Ndiyo maana msuluhishi anaweza kukaa na kila upande faragha, mkamwambia mwisho wenu ni wapi. Yeye hatoi hukumu juu ya nani mkosaji, kwa hiyo msimjazie mashahidi koridoni. Kutofika kabisa ndiyo balaa: mlalamikiwa asipotokea, msuluhishi anaruhusiwa kuamua lalamiko bila yeye.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wafanyakazi, yenu haraka haraka, mnisamehe. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufikisha lalamiko. Madai mengine siku 60. Ukichelewa, utaomba kwanza kuongezewa muda, na "sikujua" haitakufikisha mbali. Usuluhishi wenyewe una siku 30, haziongezwi mpaka pande zote zikubaliane kwa maandishi. Mkataba wa suluhu usome wote kabla ya kusaini, maana ukishasainiwa unakazwa, yaani unatekelezwa kwa lazima, kama hukumu ya mahakama.

La migomo sikulifikia. Haya, maswali.