Furukombe kaondoka, tumebaki na bata

ZUHURA: Haya tumerudi, na leo Baraka usinicheke.

BARAKA: Sijaanza bado.

ZUHURA: Jumamosi nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nje giza totoro, nimebeba darubini ya kuazima na chupa ya chai, natoka hapa Leicester, Uingereza, mpaka bwawani Rutland Water, kisa nini, furukombe, yule ndege mkubwa mla samaki. Nafika kwenye kile kibanda cha kuchungulia pale Manton Bay, kiota kiko juu ya mlingoti, kitupu! Nikamuuliza mzee mmoja pembeni, akaniambia polepole kama anatoa habari ya msiba, wameondoka tangu mwanzoni mwa Septemba.

BARAKA: (kicheko) Na sisi tuko Oktoba!

ZUHURA: Nimesema usicheke.

BARAKA: Ndege kaona baridi kafunga mizigo, we ndo kwanza unachemsha chai. Sasa ukaona nini?

ZUHURA: Mnandi, yangeyange mkubwa mmoja, halafu bata bukini wa Misri wawili wanakula majani ukingoni, wana duara la kahawia jichoni kama wamepigana harusini.

BARAKA: Si wa kwetu hao! Naivasha wamejaa. Umeenda kote huko kumwona jirani!

ZUHURA: Waliletwa huku karne ya 17, mapambo ya bustani za matajiri. Mwaka 1971 ndo wakaingia orodha rasmi ya ndege wa hapa.

BARAKA: Subiri. Miaka karibu 300 anangoja karatasi za uhamiaji? Na mimi nililalamikia za kwangu miaka sita!

ZUHURA: Baraka…

BARAKA: Alikuwa anaambiwa aje na picha mbili, hiyo moja jicho halionekani vizuri…

ZUHURA: (anacheka) Hebu nirudi kwa furukombe. Yule hahitaji karatasi, kazaliwa hapa.

BARAKA: Wapi! Anafika Machi, Septemba hayupo, yuko Senegal, Gambia huko. Na kinda akishafika kule anakaa miaka miwili hivi ndo arudi. Huyo ni Mwafrika, huku anakuja kuzaa tu.

ZUHURA: Kwao ni kwenye kiota bwana. Wameanza kuletwa makinda kutoka Uskoti 1996, mpaka 2001 ndo likaanguliwa la kwanza hapo, watu wanakesha kulinda mayai, halafu wewe unasema mpita njia?

BARAKA: Kwa hiyo mwanangu kwao ni wodini?

ZUHURA: Usinigeuzie maneno. Wewe ukiulizwa kwenu wapi?

BARAKA: Nakuru.

ZUHURA: Ulikozaliwa! Si ndo nasema?

BARAKA: La, ninakopumzika. Huku nalisha watoto tu, kama furukombe.

ZUHURA: Sikubali.

BARAKA: Basi usikubali.

ZUHURA: …

BARAKA: Umenuna?

ZUHURA: Nanywa maji. Tuliahidi kuwafundisha watu kuchagua darubini, na lile kanisa la Normanton lililozungukwa na maji sijalisema, na zimebaki dakika mbili.

BARAKA: Darubini waazime kama wewe.

ZUHURA: Wiki ijayo basi.

BARAKA: Na bata aje, ila abebe picha mbili.

ZUHURA: Zima maiki.