Hatimiliki Pekee Haikupi Ruhusa ya Kujenga

Ndugu watazamaji wa Kampala, Jinja, Mbale na kwingineko Uganda, nawasalimu kutoka Boston. Wengi mmeniuliza ni makosa gani huwakosanisha wenye nyumba na mamlaka za miji. Huku mengi ni ya utunzaji: theluji ikikoma, mwenye nyumba ana saa 3 za kusafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake, na akizembea anatozwa faini.

Kwetu, kosa kubwa hufanyika kabla hata msingi haujachimbwa. Mtu ananunua kiwanja, anakabidhiwa hatimiliki, na papo hapo anaita fundi. Hatimiliki inathibitisha umiliki tu. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, yaani matumizi ya ardhi popote pale hufuata mipango ya mamlaka, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inadai kibali cha kamati ya majengo kabla ya kazi kuanza. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambayo tunatumiwa picha yake kwenye simu kama kwamba mambo yamekamilika, haichukui nafasi ya kibali hicho.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni kuongeza ghorofa. Michoro iliyoidhinishwa ni ya ghorofa 2, lakini kodi za wapangaji zinavutia, basi inaongezwa ya tatu, kisha ya nne, juu ya nguzo na msingi uliokokotolewa kwa uzito wa zile mbili. Tena wapangaji huingizwa kabla ya kibali cha kukalia jengo kutolewa, hivyo udhaifu huo haukaguliwi na yeyote hadi watu wamelala ndani.

Kuhusu ardhi oevu, Katiba ya 1995 inaiweka chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kwenye Ziwa Victoria kanuni zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufukweni. Waliobomolewa nyumba katika ardhi oevu ya Lubigi, karibu na Kampala, mwaka 2024 walipata hasara inayoumiza sana.

Ninyi wazazi na ndugu mnaotusimamia ujenzi, nawaomba kwa heshima: kabla ya kutuomba pesa za matofali, tutumieni nakala ya kibali pamoja na michoro iliyogongwa muhuri, nasi tutamwomba mtu mwingine aithibitishe katika ofisi ya mji au wilaya iliyoitoa.